Matundu Mawili, Njia Moja

Jirani yangu fundi wa redio ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini mtaa mzima unamwita Nimeshajua. Ukimpelekea chombo, kabla hujamaliza kueleza kinaumwa nini, yeye keshakuwahi: "Nimeshajua." Na mara nyingi huwa anajua kweli, ndiyo maana akaharibika. Mimi nashona nguo chumba cha pili. Ukuta wetu ni wa mbao, kwa hiyo ya kwake nayasikia, nitake nisitake.

Ana binti mmoja tu, mpiga gitaa, na binti huyo akaolewa na mpiga gitaa mwenzake. Hapo mzee akavimba. "Huyu bwana atamgeuza mbeba vyombo," aliniambia. "Atamzima." Miaka mitatu salamu zake kwa mkwe zilikuwa za mkato: hujambo, sijambo, basi.

Wiki ile binti na mumewe walimletea amplifaya yao kuukuu. Meneja wa hoteli moja alitaka kuwasikia Jumamosi. Wakipata kazi, watabaki mjini. Wakikosa, mkwe atarudi kwao kulima, mwendo wa siku mbili kwa basi, na mkewe atamfuata. Binti aliyasema hayo kwa sauti ya chini. Nikasikia bisibisi ikianguka upande wa pili.

"Sasa baba, hii ina tundu moja la kuchomekea gitaa, na sisi tuko wawili. Tunataka kila mtu awe na..."

"Nimeshajua. Matundu mawili. Njooni kesho."

Akatoboa bati, akafunga tundu la pili, akaliunga kwa waya na lile la kwanza. Kazi safi kwa macho, siwezi kumsingizia.

Kesho yake wakaja kujaribu. Mkwe akacharaza solo, binti rithimu, nami nikasimamisha cherehani nisikilize. Raha tupu. Kisha mkwe akashusha sauti ya gitaa lake ili mkewe asikike peke yake. Gitaa la mke nalo likafifia, likakata kabisa, na vidole vyake bado vinakwenda.

Mzee akalipuka. "Si nilisema? Unamzima mwanangu mbele ya macho yangu!"

"Lakini mzee, nimeshusha la kwangu tu."

"La kwako, la kwako! Wewe siku zote unajua la kwako!"

Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwao, umbea wangu umenizidi nguvu. Nilidhani binti atalia. Hakulia. Alishusha kitufe cha gitaa lake mwenyewe hadi mwisho, akamwambia mumewe, "Pandisha lako, piga." Mumewe akapiga. Kimya.

"Haya baba, na mimi ninamzima mume wangu?" aliuliza. "Jana hukunisubiri nimalize. Sikuomba matundu mawili tu. Nilitaka kila mtu awe na njia yake."

Hata mimi, ninayeujua umeme kwa taa na pasi, nilielewa. Matundu yalikuwa mawili lakini njia ya ndani moja, kwa hiyo mmoja akiifunga, amewafungia wote. Fundi wa miaka thelathini alikuwa amefanya kosa la mwanafunzi.

Mzee akachomoa waya wa umeme, akafungua bati upya. Kila tundu akalitilia rizista yake, kidude cha kupunguza mkondo wa umeme, ili sauti zikutane mbele bila moja kuiburuta nyingine. Nikamwonea huruma mpaka nikasahau kwamba huwa ananiudhi.

"Mkwe wangu," alisema alipomaliza, "shusha lako kabisa."

Mkwe akashusha. Binti akapiga, na gitaa lake likabaki palepale, safi, limejaza chumba. Alipiga wimbo mzima. Baba yake alisimama tu, chuma cha kulehemu mkononi.

"Waya nilifunga mimi, lawama nikakupa wewe," akamwambia mkwe, bila kumtazama. "Tena nilifurahi lilipokata. Miaka mitatu nimengoja umzime, ili nionekane nilisema kweli."

Mkwe akamvutia mzee kiti.

Jumamosi nilifunga duka mapema nikaenda nao. Meneja alisikiliza nyimbo tatu, akawaambia waanze wiki inayofuata. Mzee alilia waziwazi mbele ya wahudumu, na aliyempa leso alikuwa mkwewe.