Nyumba ya Chaki na Kamba

Kuna wasanifu majengo ambao ukienda ofisini kwao wanakuonyesha nyumba yako kwenye kompyuta, imepakwa rangi ya kupendeza, ina magari mawili usiyokuwa nayo na miti ambayo haitaota kamwe. Unatoka hapo kichwa kimevimba. Unajenga, unahamia, ndipo unagundua kwamba ukifungua mlango wa choo unagonga mlango wa jiko. Chaki si wa kundi hilo. Kompyuta anayo, na anaimudu barabara, maana shule kaisoma kweli kweli. Lakini hakuna mteja anayekabidhiwa ramani yake kabla hajaitembea.

Hilo la kutembea ndilo lililompa jina. Anaichora nyumba nzima chini kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi, anaazima viti vya plastiki kwa majirani na kufunga kamba kutoka kiti hadi kiti pale penye kuta. Kisha anawaambia wenyewe: haya, ishini. Basi utawaona watu wazima na heshima zao, huyu anajifanya anakoroga sufuria, yule anajifanya anaoga, na wapita njia wamesimama wanavunjika mbavu. Chaki hana habari nao.

"Wacheke sasa," husema. "Ikishakuwa ya zege, hatacheka mtu."

Alikulia kwenye nyumba ya kupanga, chumba cha mwisho cha korido ndefu, ambako taa iliwaka mchana kutwa na mama yake, kabla ya kuanika nguo, alimtuma nje kuangalia kama kuna jua. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kiwanja chembamba tu, akapanga vyumba kama mabehewa, giza akawaachia wapangaji. Tangu hapo Chaki na korido hawaivi chungu kimoja. Anaamini, na wala hafichi, kwamba mpangaji naye ana macho na mapafu, na kwamba nyumba ya kupangisha inaweza kuwa ndogo bila kuwa adhabu. Wapo wenzake wanaomwona mkorofi. Na awe mkorofi! Laiti wangekuwepo wakorofi wengi zaidi wa aina yake.

Ndiyo maana nesi mstaafu alipomjia na habari za kiwanja chake, alikubali hata kabla ya kukiona. Alipokiona alishika kiuno. Kilikuwa kimebanwa kati ya karakana ya seremala na ukuta wa ghorofa ya jirani, kirefu kama mkanda na chembamba vilevile. Nyumba ya zamani ilikuwa imepasuka na kubomolewa, ikabaki sakafu tupu ya saruji. Marehemu mume wa nesi alikuwa amewaachia kiwanja hicho yeye na mwanawe wa pekee.

Tangu nyumba ibomolewe, nesi aliishi kwa mwanawe huyo, akilala kwenye kochi la sebuleni. Hakuna aliyemtendea vibaya. Mkwe wake ni mtu wa watu, na wajukuu walimpenda kufa. Lakini mwanamke aliyeongoza wodi nzima miaka na miaka, sasa alisubiri watu wamalize kutazama televisheni ndipo aweze kujinyoosha. Alitaka vijumba vichache vya kupangisha vimtunze uzeeni, na kimojawapo kiwe chake, chenye mlango wake. Mwanawe alishampata mtu anayekitaka kiwanja ajenge ghala.

"Mama, uchochoro ule hautoi nyumba ya binadamu," alikuwa amemwambia. "Jumamosi nitakuja kuitazama hiyo ramani. Nisiporidhika, tunauza, na usininunie."

Jumamosi asubuhi nyumba ya ghorofa moja, vyumba vya chini na vya juu, ilikuwa imelala sakafuni, nyeupe pe. Chaki aliwatembeza. Nesi akafungua makabati ya hewa, akapika hewani, akachungulia dirishani. Mwana alitembea mikono mfukoni, na kidogo kidogo mikono ikatoka mfukoni. Hata makabati aliyasifu.

"Sasa lete lililo gumu kwako, mama," Chaki akasema. Ndivyo anavyowaambia wateja wote, na wengi huuliza habari za friji.

Nesi hakuuliza friji. "Mpangaji wangu wa juu kaugua usiku. Hawezi kusimama. Nionyeshe anavyotoka."

Seremala wa jirani akatoa ubao wa kuwa machela, na kwa kuwa mgonjwa lazima awe mtu mzima, mwana akalazwa juu yake na tai yake shingoni. Chaki akashika kichwani, seremala miguuni. Wakateremka ngazi ya chaki, wakafika penye kona. Wakageuza huku, ubao ukavuta kamba. Wakageuza kule, kiti kikaanguka. Waliinua, wakainamisha, mgonjwa akapiga kelele kwamba atakufa kabla ya kufika hospitali. Ubao haukupita.

Kosa lilikuwa la Chaki, na alilijua palepale. Yale makabati mazuri aliyapata kwa kuibana ngazi.

Mwana alishuka ubaoni, akajifuta vumbi. "Si nilisema? Hapa ni ghala tu." Nesi alikuwa ameikamata kamba ya kile ambacho kingekuwa chumba chake, haiachii. Chaki aliuona mkono huo, ukamchoma.

Mwingine angetafuta maneno. Angesema kanuni zinaruhusu, au wagonjwa ni wachache. Chaki alivua viatu, akachukua ndoo ya maji na ufagio, akaifuta ngazi, akayafuta makabati yote, akaifuta kazi yake ya wiki nzima mbele ya wapita njia waliosimama wakicheka.

"Nimekosea," alisema. "Kaka, nipe mpaka adhuhuri. Sakafu ikikauka nachora tena."

Akachora akiwa amepiga magoti. Nyumba aliikata katikati: nusu mbele, nusu nyuma, na kati yao ua ulio wazi. Ngazi akaitoa tumboni mwa nyumba, akaiweka uani, imenyooka moja kwa moja, pana, na paa lake la kuikinga mvua. Kila kijumba sasa kilipata hewa mbele na nyuma. Lakini ua haukutoka bure. Kijumba cha chini nyuma, cha nesi, kilibaki chumba kimoja, jiko na choo.

Safari hii mwana alijilaza ubaoni mwenyewe, bila kuambiwa. Wakamteremsha ngazi, wakapita uani, wakamfikisha barabarani bila kugusa kamba. Seremala alishangilia kama timu yake imefunga bao.

Mwana akarudi, akasimama nje ya kamba za mama yake. "Mama, ni padogo hapa."

"Ni pangu," nesi alisema.

Mwana akasogea kando, akampigia simu mtu wa ghala. Walimsikia akisema samahani, hakiuzwi tena, ndiyo, mama anajenga. Alipomaliza alirudi mbio mbio, ana hamu ya kueleza, akainama apenye chini ya kamba.

Nesi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya chumba chake.

"Wewe! Unaingilia wapi?"

Mwana akaduwaa. Akajinyoosha, akazunguka hadi pale Chaki alipoacha uwazi wa mlango, akaweka sawa tai yake.

"Hodi, mama."

Nesi kwanza alitengeneza nguo yake, akajiweka vizuri kitini, akamwacha asimame pale mlangoni.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Pita ndani."