Nyumba Niliyokataa Kuiona

Mume wangu aliniomba nyumba mara tatu, na mara tatu nilimkatalia. Sikumkatalia kwa upole. Mimi mdomo wangu haujui upole. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa tayari nimekasirika. Basi nisimulie kwa mdomo huo huo, maana sina mwingine.

Tulikuwa tunakaa Ubundu, na mimi bado ninakaa. Yeye alikuwa anafanya biashara ya mchele na samaki wa kukausha. Mzigo unashuka na mto kutoka Maniema, yeye anaununua pale bandarini, kisha anausukuma mpaka Kisangani, kwa treni kama treni inatembea, kwa pikipiki kama haitembei. Kila mwezi wiki moja alikuwa Kisangani akiuza, wiki tatu alikuwa nyumbani. Kule Kisangani alikuwa analala kwa dada yake, wifi yangu, mpangaji wa vyumba viwili katika uwanja wenye familia sita na choo kimoja. Mwanaume mwenye mvi analala sebuleni juu ya mkeka, na alfajiri anaukunja kabla watoto hawajapita kwenda shule. Miaka kumi na saba hivyo.

Mara ya kwanza aliniambia nikiwa nageuza samaki juu ya moshi. Alisimama upande usio na moshi, kama kawaida yake.

"Mama, nimechoka kulala kwa batu, kwa nyumba ya wengine. Tununue kanyumba Kisangani. Vyumba mbili tu. Wiki moja kule, wiki tatu hapa. Na weye utakuwa unakuya, utapumuzika kidogo."

Nikamuuliza swali moja: "Na zile wiki tatu, ufunguo utabaki na nani?"

Alinitazama kama mtu ambaye hajaelewa. Hata huko kutoelewa kwake sikukuamini.

Ni lazima nieleze, usije ukaniona mwendawazimu. Sisi ni Waislamu, wazee wetu walitoka Maniema. Kwetu mwanaume ana ruhusa ya kuoa mke wa pili, lakini hana ruhusa ya kumleta kwenye jiko la wa kwanza. Kila mke na nyumba yake. Kwa hiyo mwanaume wa mke mmoja akianza habari za nyumba ya pili, wanawake wote wa soko wanajua kinachofuata. Baba yangu mwenyewe alinunua nyumba Kindu. Ya kazi, alisema. Mama alimfungia chakula cha njiani, akampa na mashuka mapya. Mwaka haujaisha, mashuka yale yalikuwa yanaanikwa na mwanamke mwingine mwenye mimba. Mama hakupiga kelele. Alinyamaza mpaka alipokufa, na mimi ndiye niliyekua ndani ya kunyamaza kule. Nikaapa kwamba mimi hapana, mimi sitamfungia mtu mashuka.

Jirani yangu wa meza sokoni, anayeuza chumvi na sabuni, nilipomweleza alipiga makofi.

"Aka! Amechoka kulala kwa batu? Miaka yote hii hakuchoka, anachoka leo? Dada, muulize jina."

"Jina gani?"

"Jina ya ule mwanamuke!"

Tukacheka. Lakini nilirudi nyumbani na lile neno mfukoni.

Mwezi uliofuata alirudi na picha kwenye simu. Kinyumba cha matofali, bati lenye kutu, mlango wa bluu, na ukutani maandishi makubwa ya rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI.

Nilicheka mpaka machozi. "Donc, papa, nyumba zote za Kisangani zimeisha, umepata hii inayokataa kwa mdomo wake?"

Naye akacheka. Alikuwa mtu wa kuweza kujicheka, na katika yote yaliyoondoka naye, hicho ndicho kinachoniuma asubuhi. Akanieleza: mwenye nyumba ni mjane, mama mzee wa familia za mtoni kule Yanonge. Aliandika vile kwa sababu wapwa wa marehemu mumewe mara mbili walileta wanunuzi yeye akiwa kanisani. Sasa anataka kuuza mwenyewe, kwa mkono wake, arudi Yanonge kwa ndugu zake. Nyumba iko Kabondo, karibu na barabara, toleka, baiskeli ya kukodi, inaweza kubeba gunia mpaka sokoni bila taabu. Pesa ilikuwepo, ya miaka mingi. Ilibaki mimi tu.

Nikamuuliza yule mjane ana umri gani, na kama ana mabinti. Akaacha kucheka.

Mara ya tatu hakubishana nami. Alisema, "Mama, usiamini mudomo yangu. Amini macho yako. Twende pamoja, uone, ukikataa nimekubali." Nikasema sawa. Kweli nilisema sawa. Nikafua, nikapanga mfuko, nikamwambia jirani wa chumvi kwamba Jumamosi nitakuwa Kisangani kuangalia nyumba.

Akanionea huruma. "Bien sûr atakuonyesha nyumba tupu. Ule mwanamuke ataingia ukisharudi."

Naona aibu kusimulia kwamba maneno yale niliyaona yana akili. Nilitembea nayo mpaka nyumbani, na kila hatua yalizidi kuwa na akili. Siku ya kuondoka nikamwambia siendi, kuna samaki wengi juu ya moshi, wataoza. Akageuka akatazama. Walikuwa kumi na wawili. Mtoto wa jirani angeweza kuwageuza kwa vidole viwili.

"Bon," akasema.

Akaketi kuvaa viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba, kiatu kikakataa, akalegeza kamba zote na bado akaingiza mguu kwa nguvu. Niliiona ile miguu. Nitakuwa mwongo nikisema sikuiona. Nikajiambia moyoni, aende nayo huko huko, huyo wa Kisangani ndiye ataikanda.

Siku ya tano wifi alinipigia simu asubuhi. Kaka yake alianguka baada ya kuswali, pale sebuleni, akafa. Daktari alisema moyo.

Treni haikuwepo. Nilipanda pikipiki, siku nzima ya msitu na matope, na sikulia, maana dereva alikuwa kijana mwoga na kama ningelia angetuangusha. Tulifika Lubunga, ng'ambo ya Kisangani, jua likianza kushuka, nikavuka mto kwa mtumbwi. Sisi hatulazi maiti. Nilipokanyaga upande wa pili walikuwa wameshamzika. Mwanaume niliyeishi naye miaka thelathini na moja, na mimi sikumwona hata sanda.

Wifi alikuwa ananingoja pale ukingoni. Tulishikana, tukalia, kisha akanifuta uso kwa kitenge chake.

"Dada, matanga haiko kwangu. Bailleur, mwenye uwanja, amekataa. Alisema bapangaji ni bengi, hakuna nafasi ya viti, na yeye hataki kilio mu uwanja wake."

"Sasa iko wapi?"

Hakunitazama. "Kwa ule mama wa Yanonge. Alisikia habari, akakuya yeye mwenyewe, akasema: leteni viti kwangu."

Ndivyo nilivyoingia katika ile nyumba. Nilishuka kwenye toleka mbele ya yale maandishi mekundu, na chini yake wanaume wameketi kwenye viti vya plastiki wakisoma Kurani. Mama mwenye nyumba, Mkristo, alikuwa ameondoa ukutani kalenda yake ya Bikira Maria ili watu wetu wasome dua kwa raha. Hakuna aliyemwomba. Alinipokea mlangoni kwa mikono miwili, akanipeleka chumba cha nyuma, akanikalisha juu ya mkeka pamoja na wanawake, na chai akaniletea mwenyewe.

Kesho yake tukabaki wawili kidogo mle chumbani. Akaanza kunieleza kwa sauti ya chini, nadhani alitaka kunifariji.

"Hapa ndipo alipima kitanda. Hakuwa na mita, akatoa mukaba yake ya kiunoni, akapima nayo chini: mukaba mbili na kidogo. Akasema kitanda kikae huku, sababu bibi yake anapenda kulala upande wa ukuta. Kisha akaenda mulango kwa mulango kuuliza majirani kama moshi ya samaki itabasumbua. Nikamwambia, papa, lakini bado haujanunua! Akasema siwezi kununua kama bibi hajaona, lakini akikuya nataka akute mambo yote iko tayari."

Sikia sasa nilichomuuliza. Mume wangu ana siku moja kaburini, na mimi nikamuuliza mama huyu, "Alikuwa anakuja peke yake?"

"Peke yake."

"Kila mara?"

"Kila mara, mama."

"Na kwenye simu, alikuwa anasema na nani?"

Akachukua kikombe changu, bado kina chai, akatoka.

Nililia, ndiyo. Nililia mpaka sauti ikakatika. Lakini ndani kulikuwa na mwanamke mwingine, ni mimi yule yule, ambaye hakuwa ameanza kulia. Alikuwa anangoja. Maana kwetu matanga hayafichi kitu. Mwanaume akiwa na mke wa siri, siku hizo ndizo mke anatokea, na watoto wake mbele yake, ili ajulikane kwa ukoo; asipotokea hapo, hana pa kutokea tena. Wifi yangu angeweza kumficha kaka yake, ndugu ni ndugu. Mwenye nyumba angeweza kufungwa mdomo. Matanga, hapana. Kwa hiyo nilikaa nimeelekea mlango, na kila mwanamke aliyeingia nilimpima kwanza, ndipo nikapokea pole yake. Huyu ni nani, wifi? Ni mteja wake wa mchele. Na huyu? Mke wa mwendesha toleka aliyekuwa anambebea magunia. Na yule wa kitenge cha kijani? Huyo, dada, ni shangazi yako wa mbali, mbona humtambui?

Siku ya tatu, asubuhi, mwenye nyumba alikuja kuketi karibu nami. Alikuwa anaona haya.

"Unisamehe, mama, si siku ya kuuliza. Kuko familia ingine inataka nyumba, na miye nataka kurudi Yanonge. Lakini niliahidi papa. Weye bado utakuwa unakuya Kisangani, biashara haiwezi kulala. Unaichukua?"

Nikamwambia nitamjibu jioni. Kesho yake ningerudishwa Ubundu kukaa eda, kwa hiyo jibu lilikuwa la siku ile.

Na nitasema ukweli: nilikuwa nataka kuichukua. Nilikaa mle chumbani baada ya dua ya mwisho, nikisikia viti vinapangwa nje ili virudishwe, nikatazama upande wa ukuta, nikajiona nimelala pale wiki moja ya kila mwezi. Mtu akifa anaacha kazi zake, na kazi hizo sasa ni zangu. Kwa nini nilale sebuleni kwa wifi?

Hapo ndipo akaingia. Msichana, labda miaka ishirini na mitano, mtoto mgongoni, analia kweli kweli, kamasi na machozi pamoja. Hakumsalimia mtu, alikuja moja kwa moja kwangu.

Nikafurahi. Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka kwa furaha. Siku tatu nilikuwa nazama, na sasa nimekanyaga chini. Nikamtazama yule mtoto usoni kutafuta paji la mume wangu. Awe yeye, nikaomba. Na awe na wengine wawili nyumbani. Awe yeye, ili niwe nilikuwa na haki. Ili ile miguu isiwe ilivimba bure.

"Njoo, mama," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza katika siku zile sauti yangu ilikuwa na upole.

Akapiga magoti, akanishika mikono.

"Pole sana, mama. Miye ni jirani, pale nyuma. Nilienda kwa bazazi, kwa baba na mama yangu, nimerudi leo ndiyo nimeambiwa. Papa alikuya kwetu kuuliza mambo ya moshi, akabeba huyu mutoto. Kisha akatupigia simu toka Ubundu, akasema bibi yangu anakuya samedi, Jumamosi hii, mutamupenda, ana mudomo lakini ana roho nzuri." Akajifuta. "Ile samedi tulifagia mpaka huku kwako. Tulikungoya sana."

Nilimshukuru, nadhani. Wanawake wengine walianza kulia upya, na mimi nikawaangalia.

Jioni mwenye nyumba alikuja kuchukua jibu lake. Nikamwambia awape wale wengine. Akauliza kama ni bei. Nikasema bei ni nzuri. Akauliza kama ni moshi, kama ni majirani, nikasema majirani ni watu wazuri sana. Hakuelewa, akanipapasa bega, akasema iko sawa, mama, iko sawa. Sikuweza kumwambia kwamba nyumba ninaitaka, lakini sina uso wa kukaa kati ya watu wote wale wanaojua kwamba aliniita na sikuja.