Wadudu Weupe wa Dirishani

Muuguzi aliposugua mkono wa mwanangu kwa pamba yenye spiriti kabla ya sindano, harufu ile ilinirudisha utotoni, sebuleni kwetu, mtaa wa Section 58.

Mama alikuwa ametoka hospitali bila mtoto tuliyekuwa tukimngojea. Nilikuwa mdogo, na hakuna aliyenieleza chochote. Kutwa alikaa dirishani kando ya mikebe ya maua yake, yale ya majani manene yaliyojaa maji. Wadudu weupe, laini kama unga uliolowa, walikuwa wamejazana pale majani yanapoungana na shina, na majani yalikuwa yakilegea na kudondoka. Mama alichovya pamba kwenye spiriti akawafuta, jani baada ya jani.

Jioni moja Baba alirudi kutoka kiwandani, akasimama akimtazama.

"Mama watoto, wacha nitupe hizi maua," akasema polepole. "Zimeisha."

"Hakuna kitu ingine itatoka kwa hii nyumba," Mama akajibu.

Baba alivua koti, akaketi sakafuni karibu naye, akachukua kipande cha pamba. Vidole vyake vilikuwa vinene, na jani la kwanza lilimkatikia mkononi. Akabaki ameliangalia.

"Hata huku chini wako?" akauliza.

"Huko ndiko wanajificha."

Akainamia mkebe kama anayewatafuta, lakini mabega yake yalikuwa yakitetemeka. Mama, ambaye sikuwa nimemwona akilia tangu arudi, alimshika Baba mkono, na yeye pia akaanza kulia. Nikaenda nikaketi katikati yao. Hakuna aliyenifukuza.