Jukwaa la Mheshimiwa Lilivyoingia Motoni

Weka dau. Mimi naweka viatu vyangu hivi, ngozi kweli, kwamba nikimaliza utasema huyu jamaa muongo. Hata waliokuwepo wanasema ni uongo, na malengelenge bado wanayo mikononi.

Mwanamke mwenyewe ni Mama Tanuru. Alianza kwenye kiwanda cha chupa akifagia vipande, binti mwenye fagio na mdomo, na mdomo ukamfikisha mbali kuliko fagio. Msimamizi akimfokea, anamrudishia na nyongeza. Wakampeleka kwenye tanuru wakidhani joto litamnyamazisha. Wapi! Akaolewa na mpuliza chupa, akazaa, akafiwa na mume, akazeeka, yote mbele ya tanuru lile lile. Nyusi ziliungua zamani, sasa anachora za wanja. Akiamka na hasira anazichora juu, karibu na nywele. Ukiziona huko, pita upande wa pili wa barabara.

Siku hiyo zilikuwa juu kabisa. Tajiri mwenye kiwanda alikuwa amepiga simu kutoka huko anakokaa: zimeni, mafuta hayaji tena.

Sasa nikueleze wewe ambaye hujawahi kufanya kazi ya maana. Tanuru la kioo halizimwi kama jiko la chai. Ndani mna uji wa kioo unaochemka mwaka mzima. Ukipoa unaganda jiwe, matofali yanapasuka, na kazi inayobaki ni ya nyundo. Tajiri alilijua hilo vizuri sana. Kiwanja alipewa na mji kwa sharti: kiwanda kikiwa hai, hawezi kumkataa mtu anayetaka kukinunua akiendeshe. Kikifa, ardhi ni yake, ajenge maghala. Na wanunuzi walikuwepo, ushirika wa wakulima wa matunda, wanataka chupa za juisi yao. Walisema watakuja wiki inayofuata. Walisema pia: tanuru la baridi hatulitaki.

Na mji ulikuwa umechoka kuzika viwanda. Cha sabuni kimebaki harufu. Cha betri kimeezuliwa mabati na wale wale waliokuwa wakila humo. Vijana wana nguvu za ng'ombe, wamekaa juu ya matofali tangu asubuhi wanagombania mpira wa nchi za watu. Kila uchaguzi Mheshimiwa anakuja, anapanda jukwaa lake la mbao mbele ya geti, anasema "ufufuo" mpaka mate yanaruka, anashuka, anapotea. Jukwaa analiacha pale pale. Hata kubomoa kumemshinda.

"Kuna mdomo wa kuni kule nyuma," Mama Tanuru akawaambia wenzake. Ulikuwepo kweli, wa enzi za kabla ya mafuta, umezibwa kwa bati. "Tulilishe mpaka wageni wafike."

"Kuni za wapi, mama?" fundi umeme akacheka. "Au tukukate wewe?"

"Nikate, baba. Mimi nitawaka. Wewe ukitiwa humo utatoa moshi tu."

Wakabaki ndani, wakakataa kutoka. Na geti likafungwa mnyororo. Aliyelifunga ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mshika funguo wa kiwanda. Tajiri alimwagiza kisipite hata kijiti. Bahili wa kuzaliwa yule. Maisha yake yote amekusanya mbao ngumu za kuezekea nyumba yake, kazifunika turubai, ukizitazama sana anakohoa. Mbwa wa tajiri, basi. Mimi nikimtazama mtu mara moja nimemmaliza. Sikosei watu.

"Shemeji!" Mama Tanuru akampigia kelele kupitia nondo za geti. "Kaka yako kapuliza chupa humu mpaka mapafu yakaisha! Na wewe umekumbatia kufuli kama kichanga!"

"Nimeagizwa, shemeji."

"Ukiagizwa ujizike, utauliza jembe liko wapi?"

Shemeji akageuza kiti, akalipa geti mgongo.

Waliokuwa nje wakawa wanawarushia kuni juu ya ukuta. Kreti ziliisha kwanza. Kikafuata kitanda cha Mama Tanuru, kisha mlango wa chumba chake. Watoto wake kule nyumbani wakatundika shuka mlangoni. Hapo ndipo mtaa ulipoona haya. Kinyozi akaleta benchi la wateja. Vijana wakainuka kwenye matofali, magoti yakilia kama bawaba, wakaling'oa jukwaa la Mheshimiwa pamoja na ngazi na zulia lake. Likaingia motoni lote.

Mama Tanuru akanyoosha viganja. "Njooni muote! Leo ile ahadi imetoa joto!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Akasukuma ubao mwingine kwa teke.

Siku moja kabla ya wageni, kuni zikaisha mtaa mzima. Mwanga wa tanuru, uliokuwa mweupe, ukawa wa chungwa, kisha mwekundu wa kiza. Mama Tanuru akachovya bomba la chuma, uji ukaja mzito kama gundi.

"Linakufa," akasema. Kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyowatisha.

Mara mnyororo ukalia. Shemeji alikuwa anafungua geti, na nyuma yake mkokoteni umejaa mbao ngumu, nyoofu, zimepigwa randa.

"Hizi si za paa lako?"

"Ndizo."

"Na nyumba?"

"Nimelowa miaka yote, shemeji, sijayeyuka. Sogea, unaniziba njia."

"Ulikuwa wapi siku zote hizi, mwanamume wewe?"

"Nasubiri uishiwe matusi. Nikaona huishiwi."

Wageni walikuta tanuru jeupe. Mama Tanuru akapuliza chupa mbele yao. Mzee wao mmoja akaitazama ikiwa bado kwenye bomba. "Imepinda."

"Umepinda wewe! Mimi nimelala sakafuni kwa ajili yako!"

Mzee akacheka, akawageukia wenzake. Wakakinunua kiwanda, na lori lao la mafuta likafika kabla mbao za shemeji hazijaisha. Tajiri akapiga simu akifoka, shemeji akamwambia amekosea namba.

Mheshimiwa naye alikuja kusema ufufuo ni wake. Hakuwa na pa kupanda. Akahutubia akiwa chini, wa nyuma wakaona kipara tu. Cha sabuni na cha betri bado vimekufa, na waliovizika wanalala vizuri.

Viatu vyangu sivitoi. Ila kuhusu shemeji, nilikosea.