Picha za msiba zilijaza simu ya mama, sauti ya baba ikafutika

Wakuu, habari za majukumu. Haya yametokea nyumbani kwetu, sijaongeza chumvi.

Baba alikuwa Mluguru wa Mlali. Kwa mila zetu shamba linafuata ukoo wa mama, kwa hiyo mwanaume akifa, shamba la ukoo wake linarudi kwa watoto wa dada zake. Sisi watoto wake wa kuwazaa tunabaki watazamaji.

Ila shamba letu la migomba baba alilinunua mwenyewe. Kwa mdomo tu, bila maandishi, na aliyemuuzia alishatangulia mbele ya haki.

Akiwa mgonjwa akamwambia mama awashe simu, akajirekodi: hili si la ukoo, nimenunua, ni la mke wangu.

Rekodi ikakaa humo humo kwenye kisimu cha mama cha GB 8. Backup hakuna, memory card hakuna.

Baba akafariki. Ndugu wakafungua group la msiba, na tunajuana: kaburi lipigwe picha, pilau ipigwe picha, mawaidha yarekodiwe mwanzo mwisho. Auto-download iko on. Simu ikajaa, ikawa inaganda hata kupokea pole ni shida.

Dada yangu Zuhura, kwa nia njema kabisa, akaweka moja ya zile app za kusafisha simu. Ikamletea rundo la audio. Akadhani yote ni mawaidha, akafuta. Simu ikawa nyepesi, mama akamshukuru.

Arobaini ilipopita wakaja wapwa wa baba. Mkubwa wao, Salum, akaamkia vizuri tu.

"Shikamoo mama. Kama mjomba aliacha wosia, tuusikie na sisi, yaishe."

Mama akatoa simu. Akatafuta, akatafuta. Zuhura akaanza kulia kabla hatujamuuliza kitu.

"Basi mama, zile ndizi zilizokomaa utavuna," Salum akasema. Nilitamani kumrukia.

Nikapeleka simu kwa fundi mjini. Akasema faili likifutwa, nafasi yake inaachwa wazi kwa chochote kinachoingia. Na picha za msiba zilikuwa bado zinaingia kila siku, zikakaa palepale.

Kwa hiyo wakuu, zimeni auto-download kwenye simu za wazazi wenu. Kitu cha maana kihifadhini sehemu mbili. Na simu ikijaa, futa kwa mkono wako, sikiliza kwanza. Hizo app hazijui baba yako ni nani.

Mama sasa yuko kwangu Bigwa. Shamba hataji kabisa.

Juzi kaniuliza, "Mwanangu, hata akiwa ananisalimia tu, haipo?"



Anayejua njia ya kuirudisha aandike hapa chini, tumejaribu mafundi mpaka tumechoka. Wenye maoni karibuni pia. Ila Zuhura anausoma huu uzi na siku hizi hata chakula hali vizuri, naombeni msimtukane.