Kuku wa Mdogo Wangu

Kwangu kuku hawaingii ndani. Wajukuu wanajua, majirani wanajua, hata mkwe wangu aliyeniletea jogoo wa heshima alimfunga nje kwenye mpera, na kama alinuna, shauri yake. Watu husema bibi huyu ana roho mbaya na kuku. Waseme tu. Wao hawakuwa mtaani Kamalondo wakati jimbo la Katanga lilipojitenga na nchi. Mimi nilikuwapo, nina miaka kumi na mmoja, na kazi yangu ilikuwa kufagia mavi ya kuku kwenye sakafu aliyotambaa mdogo wangu.

Sisi ni watu wa Kasai, jimbo jingine. Baba alikuwa karani mjini, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, na gazeti alilisoma kwa sauti kubwa ili lupango zima, yaani ua wetu wote, lisikie. Kisha ghafla tukaambiwa sisi ni wageni, katika mji ambao mimi nilizaliwa ndani yake. Baba akafukuzwa kazi. Vijana wakaanza kupita katika malupango ya Bakasai wakichukua walichotaka: baiskeli, sufuria, kuku. Baba akatangulia kwenye kambi ya wakimbizi, pembeni mwa mji, akatutengenezee pa kulala. Nyumbani tukabaki watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa miezi tisa. Siku ileile mama aliingiza kuku ndani.

Lazima nieleze habari ya kuku huyo. Katika ukoo wetu mtoto akizaliwa, shangazi yake anamletea kuku jike. Ni wake. Hachinjwi, hauzwi, wala halali chini ya paa la mtu mwingine mpaka mtoto atembee. Akipotea au akifa kabla ya hapo, watu wanaanza kumtazama mtoto kwa jicho la huruma, kana kwamba ameshaaga. Na mama alikuwa amezika wavulana wawili kabla ya huyu. Basi kuku mwekundu na vifaranga wake saba wakahamia katika chumba chetu kimoja, ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda.

Jamani, ile harufu! Madirisha tulifunga mchana kutwa kwa woga. Maji tulichota bombani mara moja tu, alfajiri, tukatumia beseni moja kwa kila kitu. Vifaranga walipanda juu ya kikombe cha mtoto wakanywa. Nilifagia mavi kwa mkono huu, nikachota maji kwa mkono huu, nikamlisha uji kwa mkono huu. Nani alikuwa na sabuni?

Juma la pili vifaranga wakaanza kulegea. Mabawa yalishuka, wakasimama wamefumba macho, na mavi yao yakawa maji ya manjano. Wakafa watatu. Mama alimpasua mmoja kwa kisu, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba kuna mtu ametupa sumu dirishani. Katika utumbo tukaona minyoo myeupe, mingi, imejikunja. Mama akashusha pumzi. "Haina sumu," alisema. "Ni minyoo tu." Akafurahi kabisa, maskini.

Aliyenikuta nikitupa wale vifaranga ni jirani yetu. Alikuwa mama mwenyeji, wazee wake walikuwa pale kabla ya mgodi wowote kuchimbwa. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa Mzungu mwenye kufuga kuku, na mavi ya kuku aliyasoma kama baba alivyosoma gazeti lake. Ni yeye aliyempokea mdogo wangu mikononi siku ya kuzaliwa. Mimi nilimwita mama mukubwa. Lakini tangu Katanga ijitenge, yeye na mama hawakusalimiana tena, kwa sababu mtoto wake wa kwanza alikuwa anatembea na wale vijana.

"Kuja hapa," aliniita. Akageuza kifaranga kwa kijiti. "Hii kuku munalala nayo?"

"Ndiyo, mama mukubwa."

Akaja mpaka mlangoni kwetu, mara ya kwanza baada ya miezi. Hakusema hata yambo. "Mwenzangu, toa ile kuku mu nyumba. Iko na bugonjwa mu matumbo. Itamumaliza mutoto."

Mama alisimama mlangoni, mdogo wangu mgongoni. "Itamumaliza, ao utamumaliza?"

"Mama, miye nilimuzalisha huyu mutoto!"

"Na mutoto wako anatuibia. Sasa unataka kuku ya mutoto wangu iende inje, yeye aipate, si ndiyo? Enda kwako!" Akafunga mlango, akasukuma na meza.

Baada ya siku mbili mdogo wangu akaanza kuharisha. Maji matupu. Na mama, badala ya kumtoa kuku, akamsogeza. Alimfunga mguu kwa kitambaa kwenye kitanda, karibu kabisa na mkeka wa mtoto, akawa anampa punje kutoka bakuli la mtoto. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi: jirani ametamka kifo, na kinachomzuia mtoto asiende ni yule kuku. Kuku akiwa mzima, mtoto atakuwa mzima. "Mukae pamoja," aliwaambia wote wawili. Kuku akatulia pale, anajikuna, ananya.

Lupitalo, hospitali ya mji, lilikuwa mbali, na njiani kulikuwa na kizuizi cha askari. Mama mmoja wa kwetu alikuwa amepita pale na mgonjwa wake, na hatukusikia tena habari zake. "Tungoje baba yako," mama alisema.

Asubuhi iliyofuata nilikuta jagi la maji meupe kizingitini, limefunikwa kwa sahani. Jirani alipaza sauti kutoka kwake: "Mayi ya muchele na chumvi! Nimechemusha! Mumupatie kijiko kwa kijiko, musichoke!"

"Enda umwage," mama alisema bila kugeuka.

Nikamwaga nyuma ya choo, nikarudisha jagi pale kizingitini. Siku ya pili likaja tena, limejaa. Safari hii nilipofika nyuma ya choo nikaonja. Maji yalikuwa na ladha ya uji mwepesi, chumvi kidogo, sukari kidogo. Nikakaa chini, nikangoja nife. Sikufa. Nikamwaga.

Siku ya tatu mdogo wangu alikuwa analia bila machozi, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Jagi lilikuwa pale. Nilijua ni maji mazuri, tumbo langu mwenyewe lilikuwa limeyapima. Mama alikuwa amesinzia kwa uchovu, angeamka saa ngapi sijui. Nikamwaga. Sitasema uongo kwa uzee huu: nilimwogopa mama, ndiyo, lakini pia nilimchukia yule mwanamke. Ni miezi michache tu walikuwa wametufundisha kuchukiana, na mimi nilikuwa mwanafunzi hodari.

Mdogo wangu alikufa siku ya nne, jua likiwa limeshapanda. Kuku alikuwa mzima. Jirani aliposikia kilio alikuja mpaka kwenye uzio akasimama hapo, hakuthubutu kuingia, akalia kwa sauti, akijipiga kifua kama mtu aliyefiwa na mtoto wake. Mama hakumtazama. Kesho yake baba akaja na lori kutuchukua.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza daktari wa mifugo. Akaniambia ile minyoo niliyoiona huenda haikuwa na hatia. Kuna vidudu vingine, vidogo mno kwa jicho, vinavyokaa katika utumbo wa ndege, vinatoka na mavi, vinaingia kinywani mwa mtoto anayetambaa. Au pengine yalikuwa maji ya bomba. Hakuna aliyepima, alisema, hatuwezi kujua. Nikauliza: lakini maji ya mchele yenye chumvi yangemsaidia? Alinitazama, akakohoa, akasema mara nyingi yanasaidia.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia, jamani. Nilisikia kila neno.

Kule kambini, majuma kadhaa baadaye, mama alikuwa ananisuka nimekaa katikati ya magoti yake. Hakuwa amemtaja mdogo wangu tangu tuhame. Akauliza, mikono ikiendelea kusuka: "Yale mayi ya yule mama. Ulimwaga yote?"

Nilidhani ananipima utii. "Yote, mama," nilisema, na nilijisifu moyoni.

Mikono ikasimama.

"Hata siku moya haukumupatia? Nilipolala?"

"Hapana, mama. Hata siku moya."

Akainamisha uso mpaka paji lake likagusa nywele zangu, akaniuliza tena, polepole, kama mtu anayeomba: "Hata kijiko kimoya?"