Kigogota wa Mkono wa Kushoto

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu nyumbani ilikuwa kusikiliza ndege. Maji nilichota na uwanja nilifagia kama watoto wengine, lakini kazi yangu hasa, ile niliyopewa na Bibi mwenyewe, ilikuwa kutega sikio kila mtu wa nyumba yetu alipotaka kusafiri. Masikio ya Bibi yalikuwa yameanza kuwa mazito na yangu yalikuwa bado mapya. Basi asubuhi ya safari tulisimama wawili nje ya mlango, amenishika bega, akiniuliza kwa sauti ndogo, "Umemsikia? Upande gani?"

Aliyekuwa akiuliziwa ni kigogota, yule ndege anayegonga miti kwa mdomo. Kwa sheria ya Bibi, kigogota akisikika mkono wa kuume, nenda salama. Akisikika mkono wa kushoto, rudi ndani, vua viatu, keti chini, unywe maji, na safari ingoje siku nyingine. Sheria hiyohiyo ilimhusu mtu aliyejikwaa mguu wa kushoto wakati anatoka. Hakukuwa na rufaa. Siku yangu ya kwanza ya shule niliimaliza nimeketi sakafuni na kikombe cha maji, nimevaa sare mpya. Posa ya baba yangu mdogo iligeuzwa njiani zaidi ya mara moja, pamoja na mbuzi wake, mpaka wazee wa upande wa pili wakaanza kuulizana kama kijana wetu ana akili timamu.

Tulikuwa tunaishi Morogoro, ila Bibi hakuwa mtu wa huko. Kwao ni Iramba, mkoani Singida, katika kijiji kilicho nje kidogo ya Kiomboi. Aliolewa akiwa msichana na Babu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, wakahama stesheni hadi stesheni mpaka wakatulia Morogoro, na tangu aondoke kwao hakuwahi kurudi. Lakini alikuwa na kwao mdomoni kila siku. Alinisimulia ua la minyaa lililozunguka nyumba ya baba yao, na mwamba mpana nyuma ya nyumba ambapo wanawake walianika mtama, na dada yake Raheli aliyekuwa akimwamsha alfajiri waende kulala tena juu ya mwamba huo, kwa sababu ulikuwa bado na joto la jana. Alipofika hapo kwenye joto la mwamba alikuwa ananyamaza, na mimi nilijua hadithi ya siku hiyo imekwisha.

Kila mwaka alipanga kwenda. Kila mwaka ndege alimkatalia. Baba, ambaye hakuwa na muda na mambo ya ndege, alimtania mama yake waziwazi.

"Mama, hivi ndege wa nchi hii wamefanya kikao usifike kwenu?"

"Wewe cheka tu," Bibi alimjibu.

Ndipo akaja yule mama wa vitunguu. Alikuwa akileta vitunguu sokoni kutoka Kiomboi, na safari hiyo alileta na ujumbe. Macho ya Bibi Raheli yalikuwa yanafunga. Jicho moja lilikuwa limekwisha kabisa, la pili lilikuwa linaona mtu akisimama kwenye jua. Alikuwa amesema hivi: mwambieni mdogo wangu, kama anataka nimwone, aje ningali naona. Bibi alisikiliza, akamshukuru yule mama, akanunua vitunguu vingi kuliko tulivyohitaji. Jioni hiyo alimwambia Baba aangalie matairi ya pikapu.

Asubuhi ya safari sikusikia ndege yeyote, nikafurahi. Mama, aliyekuwa anabaki na mdogo wangu mchanga, alitufungia chapati na mayai. Bibi alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu alivyoviweka kwa ajili ya kanisa. Akatoka, na pale kwenye ngazi ya mlangoni akajikwaa. Mguu wa kushoto, kidole gumba, kwa nguvu mpaka sote tukasikia.

Tuliganda. Baba akazima gari. Mama, aliyekwisha kuzoea, aligeuka kwenda kuchota maji. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuvua viatu. Bibi akakitazama kidole chake kwa muda.

"Kidole changu mwenyewe," akasema. "Nimezeeka, sinyanyui miguu. Washa gari."

Hakuna aliyemwelewa. Baba aliliwasha kabla mama yake hajabadili mawazo, na Mama akabaki mlangoni na kikombe cha maji mkononi. Mimi nilipanda katikati yao nikiwa na hofu ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia, maana mtu wa kumwambia mambo kama hayo alikuwa ni yeye.

Tulilala Manyoni, kwenye nyumba ya wageni karibu na reli, na usiku Bibi alilisikiliza garimoshi likipita kama mtu anayesikiliza habari za ndugu. Kesho yake tukaacha njia ya reli, tukashika ya Singida. Siku hizo ilikuwa vumbi tupu. Tulifunga vitambaa usoni, na bado tulitema mate mekundu. Hatukuwa tumefika mbali tairi likapasuka. Baba akashuka kulibadilisha, sisi tukasimama pembeni kwenye kivuli chembamba cha mgunga. Hapo ndipo nilipomsikia. Ko-ko-ko-ko, kwenye mti mkavu, karibu kabisa, mkono wa kushoto wa njia.

Nilitamani niwe kiziwi. Lakini Bibi alikuwa ameniona nilivyoshtuka.

"Umemsikia," akasema. "Upande gani?"

"Kushoto, Bibi."

Alitazama mbele, njia ilikokuwa inakwenda, nyekundu na ndefu mpaka inapotelea vichakani. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikifumba macho naliona. Alikusanya kitenge chake, akageuka taratibu, miguu yote miwili, akaupa mgongo upande wa Singida na kutazama tulikotoka. Akanyoosha shingo kama askari.

"Haya," akasema. "Sasa yuko upande gani?"

"Kuume. Lakini Bibi, sisi tunakwenda kule!"

"Nimekuuliza upande gani, sikukuuliza tunakwenda wapi."

Baba alikuwa amepiga magoti kwenye gurudumu, na nilimwona mabega yakitikisika kwa kicheko alichokizuia. Mimi sikucheka. Nilianza kulia kweli. Nilimshika kitenge nikamwambia turudi Manyoni, tuketi, tunywe maji, kesho tutakwenda. Alikuwa amenifundisha mwenyewe. Niliogopa atakufa, na niliogopa zaidi kwamba mimi ndiye niliyemsikia ndege, kwa hiyo mimi ndiye ningejua kwa nini.

Bibi aliinama akanifuta uso kwa ncha ya kitenge, vumbi na machozi pamoja.

"Dada yangu ananingoja," akasema. "Huyo ndege hana dada. Panda gari."

Tulifika kijijini kwao jua likiwa limeanza kuinama. Alizeti zilikuwa zimekauka mashambani, zimeangusha vichwa zinangoja kuvunwa. Bibi alikuwa akimwelekeza Baba kwa mkono: shika hapa, pinda pale, na mara mbili akakosea na kutupeleka mahali palipokuwa na njia zamani. Ua la minyaa lilikuwepo bado, ila limekuwa refu kupita paa. Kizee kimoja kilichovaa sweta ya kijani kilikuwa kimeketi mlangoni, kimegeuzia kichwa upande wa sauti ya gari.

Bibi alishuka, akasogea, akapiga goti.

"Shikamoo, dada."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia Bibi akimwambia mtu shikamoo. Kwetu Morogoro yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho. Wote tulimwamkia yeye. Nilishangaa kuona kwamba alikuwa mdogo wa mtu.

"Njoo huku juani nikuone," Bibi Raheli akasema.

Bibi akasogea palipokuwa na jua. Dada yake alimwinamia karibu sana, akamtazama kwa lile jicho moja, akigeuza kichwa huku na huku kutafuta mahali linapoona. Kisha akamwita kwa jina la Kinyiramba, jina la utotoni ambalo hata Baba hakuwahi kulisikia. Akasema, "Umezeeka vibaya." Wakacheka wote wawili, kicheko kimoja, mpaka mbuzi wakageuka.

Baada ya hapo walizungumza Kinyiramba tu. Wenyeji walidhani mimi mtoto wa mjini sisikii, lakini Bibi alikuwa akinigombeza kwa lugha hiyo tangu nizaliwe, na nilisikia kila kitu. Kicheko kilipotulia, Bibi Raheli akasema, bila hasira:

"Mama alipokufa tulikungoja. Tulisema hazikwi mpaka ufike. Tukangoja mpaka haikuwezekana tena."

Bibi alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha kama msichana. Alivitazama viatu vyake vya kanisani, vimekuwa vyekundu.

"Nilijikwaa mlangoni, dada. Mguu wa kushoto. Nikarudi ndani nikaketi. Nilipotaka kuanza tena, nikaambiwa mmeshazika."

Bibi Raheli akamgeuzia lile jicho moja.

"Na safari hii hukujikwaa?"

"Nimejikwaa."

"Na ndege?"

"Alikuwa kushoto."

"Na umekuja."

"Nimekuja," Bibi akasema, na hapo akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyeanguka, na dada yake akampapasa kichwa akimwita kwa lile jina. Baba aliondoka akaenda kulikagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Alfajiri, wakati kila mtu amelala, niliwasikia wakitoka. Niliwafuata mpaka nyuma ya nyumba. Walikuwa wamelala juu ya mwamba wa kuanikia mtama, vizee viwili ubavu kwa ubavu, wamejifunika kitenge kimoja kipya. Nilitaka kwenda kulala katikati yao, lakini nilihisi hapakuwa na nafasi yangu, nikarudi ndani.

Mwaka uliofuata lile jicho likafunga. Bibi hakurudi tena Iramba, na alitangulia yeye kufa, kabla ya dada yake. Tulimzika Morogoro, karibu na Babu.

Utotoni niliamini kwamba kigogota alisema kweli: aliona machozi mbele ya safari, na machozi yalikuwepo. Nilipokua nikaona aibu kuamini hivyo, nikasema ni ushamba. Sasa sisemi hivi wala vile. Nafikiri zaidi habari ya ile siku ambayo Bibi, akiwa bado kijana, alijikwaa na kurudi ndani. Kama ishara ile haikuwa na maana yoyote, basi alikosa kumzika mama yake bure. Mtu hawezi kuishi na neno kama hilo. Ilibidi ishara iwe kweli, na iwe kweli kwa kila mtu, kila siku: kwangu na sare yangu mpya, kwa baba mdogo na mbuzi wake. Tulikuwa tunamsaidia kubeba, bila kujua tumebeba nini.

Na nampenda zaidi kwa vile alivyofanya pale njiani. Hakumwita ndege mwongo, baada ya kumtii miaka yote ile. Aligeuka yeye.

Mimi nimeolewa Singida. Wanangu ni watu wa huku. Wanakula mlenda bila kukunja uso na wanaucheka mji wa Morogoro kwa mvua zake. Siku nyingi naamka nikiwa na hamu ya kwetu, hamu ya sakafu ile ya saruji na kikombe kile cha maji, na sina wa kumlaumu, kwa kuwa nilikuja huku kwa miguu yangu. Barabara sasa ni lami. Watu wanaipita wamefunga vioo, muziki juu, na kigogota hata agonge mpaka mti uanguke hakuna atakayemsikia.

Ila mimi nikitoka kwetu, nikishavuka Manyoni, nasimamisha gari mahali ninapodhani ndipo. Mgunga ule siujui tena, nachagua wowote. Wanangu wanalalamika garini. Nashuka, nazima simu, nasikiliza. Safari nyingi hakuna kitu, ni upepo na malori. Lakini mwezi uliopita alikuwepo. Ko-ko-ko-ko, mkono wa kushoto.

Nilikusanya kitenge changu, nikageuka, nikaupa mgongo upande wa Singida. Nilikuwa sijawahi kuwaza kwamba mtu akigeuka hivyo pale anatazama Morogoro. Nilisimama nikitazama huko aliko, nikingoja mkono wake begani na sauti yake ndogo, "Upande gani?" Lori likapita, likapiga honi. Mwanangu wa mwisho akatoa kichwa dirishani kuuliza tunangoja nini.

"Kuume, Bibi," nikasema kwa sauti, nikarudi kuwasha gari.